Walioketi na Waliosimama: Miaka Mia ya Alliance High School, 1926–2026

Picha iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki haina maandishi nyuma. Waliomo ni wanafunzi wa zamani waliorudi Kikuyu kwa mkutano wao, suti zimenyooshwa, wamepangwa safu nne mbele ya jengo la mawe. Safu ya mbele imekaa nyasini, ya pili imeketi vitini, ya tatu imesimama, ya nne imepanda mabenchi. Bendera mlingotini ina ngao na mikuki, kwa hiyo picha ilipigwa baada ya tarehe 12 Desemba 1963. Mengine ni ubishi. Kila mzee aliyeonyeshwa picha hii ana mwaka wake, na kuna bwana mmoja wa safu ya tatu anayedaiwa na familia mbili, kila moja ikiapa kuwa ndiye babu yao. Kamati ikaona afadhali jalada libaki bila majina.

Kisicho na ubishi ni mpangilio. Waliotangulia kuingia shuleni ndio walioketi. Waliofuata wamesimama. Vijana wa juzi wako nyasini, hata kama mmoja wao alifika siku hiyo kwa gari lenye bendera. Vyeo vya nje vilivuliwa langoni, kikabaki kimoja tu, mwaka wa kujiunga.

Mwandishi ana sababu nyingine ya kuipenda picha hii. Historia ya Alliance ni historia ya watu wasiokubaliana ambao hata hivyo waliweza kuketi pamoja. Walioianzisha walikuwa wameshindwa kuungana makanisani. Waliosoma hapa walikuja kuongoza vyama vilivyoshindana, na wengine wakawekana kizuizini. Vijitabu vya maadhimisho hupenda kuyapitia mambo hayo kwa kunyata. Hiki kitayasema, mradi yawe ya hadharani na yana tarehe.

Kabla ya shule: 1898–1925

Misheni ya Kiskoti ilihamia Kikuyu kutoka Kibwezi mwaka 1898, na kituo chake kikakua Thogoto, kilomita 20 hivi kutoka mahali ulipokuja kujengwa mji wa Nairobi. Hospitali yake ilianza mwaka 1908. Elimu haikwenda kwa kasi hiyo. Kwa zaidi ya miaka 20, misheni hiyo na nyingine nchini zilifundisha kusoma, kuandika, hesabu na kazi za mikono, na kijana aliyefika mwisho wa ngazi hiyo fupi hakuwa na pa kwenda. Serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi. Wazungu walikuwa na zao. Wahindi walikuwa na zao pia, na Mombasa shule ya Allidina Visram ilikuwa imefunguliwa mwaka 1923. Mwafrika aliachiwa misheni, na hakuna misheni moja iliyokuwa na mfuko wa kubeba shule ya sekondari peke yake.

Njia pekee ilikuwa kuchangia, na kuchangia kulihitaji kwanza maelewano. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu kuzungumzia ushirikiano wa makanisa yao: Waskoti, Waanglikana wa CMS, Wamethodisti na African Inland Mission. Mkutano ulimalizika kwa ushirika mtakatifu wa pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, na maaskofu wawili wa Kianglikana, wa Mombasa na wa Uganda, walikuwepo. Habari zilipofika Unguja, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwaka. Kwake, Mwanglikana kushiriki meza moja na watu wasio na maaskofu kulikuwa ni kuuza imani, na akataka wenzake hao wawili washtakiwe kwa uzushi. Ubishi ulivuka bahari ukafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury na magazeti ya London. Kwa muda mfupi jina la kijiji cha Kikuyu lilijulikana na Waingereza wengi ambao wasingeweza kukionyesha kwenye ramani.

Askofu wa Uganda aliyeshutumiwa, J. J. Willis, ndiye aliyekuwa ameanzisha shule ya Maseno mwaka 1906. Jina la Maseno litarudi tena katika simulizi hii.

Vita vya 1914 vilizima mjadala bila kuumaliza. Wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, na Weston mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar bara. Amani iliporudi, ndoto ya kanisa moja ilikuwa imekwisha. Kilichopatikana mwaka 1918 ni kitu kidogo zaidi, muungano wa misheni ambamo kila moja ilibaki na ibada yake na wote wakashirikiana katika kazi. Shule ilirithi jina la muungano huo. Ukifikiri vizuri, Alliance ni mtoto wa mapatano yaliyopunguzwa. Kama wangefanikiwa kupata walichokitaka kwanza, huenda nguvu yote ingekwenda katika kujenga kanisa.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki kukagua elimu. Mjumbe wake Mwafrika alikuwa James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, na bweni mojawapo la Alliance lina jina lake mpaka leo. Tume ilisukuma ushirikiano wa serikali na misheni. Lakini msukumo mkubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ulitoka chini. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa katikati ya miaka ya 1920 yalianza kuchanga pesa za shule na kuuliza kwa sauti ni lini watoto wao wangesoma zaidi ya kuandika majina. Mwaka 1925 Jeanes School ya kufunza walimu ilianza Kabete. Sekondari haikuweza kusubiri tena.

Chini ya Grieve: 1926–1940

Alliance High School ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926. Wanafunzi hawakufika 30. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa G. A. Grieve, Mskoti, na alikaa miaka 14.

Wale wavulana wa kwanza walitumwa na misheni zao, na kila misheni ilikuwa na eneo lake. Kwa hiyo shule ilipata bila kukusudia kitu ambacho serikali ya kikoloni haikukipenda sana, yaani vijana wa makabila mbalimbali kulala bweni moja. Waliotoka joto la pwani na ziwani walikutana na baridi ya Kikuyu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kuoga alfajiri. Lugha ya darasani ilikuwa Kiingereza. Pamoja na masomo ya vitabu kulikuwa na ualimu, kilimo na kazi za mikono, kwa sababu wakubwa wa wakati ule hawakuwa wameamua kama Mwafrika alihitaji elimu ya sekondari kamili au fundi mwenye Kiingereza kizuri. Walowezi wengi walikuwa na jibu lao tayari, na halikuwa la kwanza.

Mmoja wa wanafunzi hao wa mwanzo, Mbiyu Koinange, hakungoja mabishano yaishe. Mwaka 1927 alisafiri kwenda Hampton Institute, Virginia, akasoma Marekani na Uingereza, na aliporudi akaongoza chuo cha ualimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939. Githunguri ilitokana na shule huru za Wakikuyu, nazo zilistawi baada ya mgogoro wa 1929, pale misheni za Kikuyu zilipotaka waumini waape kuachana na tohara ya wasichana. Madarasa mengi ya misheni yalibaki matupu. Kitovu cha mgogoro kilikuwa Thogoto, jirani kabisa na shule hii. Mwanafunzi wa Alliance, basi, ndiye aliyekuja kuongoza jibu la Waafrika kwa elimu ya misheni. Haijaandikwa mahali kwamba Grieve alilifurahia hilo, lakini mwalimu asiyepata mwanafunzi wa kumpinga hajafundisha sana.

Wengine walirudi kufundisha. Eliud Mathu alisoma hapa, akafundisha hapa, akapitia Fort Hare ya Afrika Kusini na Balliol College ya Oxford. Mwaka 1944 aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Hadi siku hiyo Waafrika walikuwa wakisemewa na Wazungu, na mmoja wa wasemaji hao wa awali alikuwa Dkt. John Arthur wa Thogoto, miongoni mwa waliohangaikia kuanzishwa kwa shule hii. James Gichuru naye alisoma na kufundisha Alliance, kisha akaongoza Kenya African Union kabla ya kumpisha Jomo Kenyatta mwaka 1947. Oginga Odinga alipitia Maseno, akaja Alliance, akaenda Makerere. Njia hiyo ya vituo vitatu ilikuwa ndiyo reli ya wasomi wa Kenya wa miaka hiyo: shule ya misheni, Kikuyu, Kampala.

Zama za Carey Francis: 1940–1962

Katika wanafunzi wa zamani hakuna jina linalowasha mazungumzo haraka kama la Edward Carey Francis. Alizaliwa mwaka 1897, akapigana katika Vita vya Kwanza akiwa afisa wa mizinga, akasoma hisabati Cambridge na kufundisha huko Peterhouse. Mbele yake palikuwa na maisha mazuri ya profesa. Mwaka 1928 aliyaacha, akaja kuwa mwalimu mkuu wa Maseno chini ya CMS. Mwaka 1940 alihamia Kikuyu.

Aliyoyafanya yanaweza kuandikwa kwa mistari michache. Aliigeuza shule kuwa sekondari kamili inayotahiniwa kwa cheti cha Cambridge. Makerere ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London kwa ajili ya digrii, kuanzia 1949, Alliance ilikuwa miongoni mwa shule zilizoijazia madarasa. Alifundisha hisabati mwenyewe, na kwenye kiwanja cha mpira alionekana kwa kaptura yake ya kaki.

Jinsi alivyoyafanya ndiko kwenye mjadala. Siku ilianza kwa kengele, usafi, gwaride la ukaguzi, kanisa. Viranja walikuwa na mamlaka halisi. Kila mvulana alishika fagio na jembe, awe mtoto wa chifu au wa kibarua. Jumapili baadhi yao walikwenda vijiji vya jirani kufundisha watoto shule ya Jumapili. Wito wa shule, unaomtaka mtu awe na nguvu ili awatumikie wengine, uligeuzwa ratiba. Kuna waliotoka hapo wakisema wamepewa uti wa mgongo. Kuna waliosema wamefundishwa kuwa Waingereza weusi. Mwandishi amewasikia wazee waliosema yote mawili katika mazungumzo yale yale, na haoni kuwa walijichanganya.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, shule ilijikuta katikati ya eneo la vita. Francis aliipinga waziwazi Mau Mau, harakati ya waliopigana msituni. Vilevile alilalamika kwa wakubwa wa serikali juu ya ukatili wa askari kwa raia, jambo ambalo Mzungu wa miaka hiyo hakulifanya bila kuchukiwa na Wazungu wenzake. Wanafunzi walikuwa na ndugu pande zote, wengine msituni, wengine kambini, wengine katika vikosi vya serikali, na jioni walikula meza moja.

Mwaka 1955 alijiunga kijana wa Limuru ambaye kaka yake alikuwa msituni, Ngũgĩ wa Thiong'o. Ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake jinsi alivyozuiwa kupanda treni ya abiria kwa kukosa kibali cha kusafiri, akafika shuleni kwa treni ya mizigo. Likizo ya kwanza alirudi nyumbani akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kijiji kipya chini ya ulinzi. Kisha akarudi kwenye gwaride, vitanda vilivyotandikwa sawasawa na Shakespeare. Kitabu chake cha 2012, *In the House of the Interpreter*, kinahusu miaka hiyo minne, 1955 hadi 1958, na hakuna maelezo ya maisha ya shule hii yanayokikaribia kwa ukali wala kwa upendo.

Shakespeare ndiye aliyezoeleka kutajwa. Kila mwaka wanafunzi waliigiza tamthilia yake moja, wavulana wakicheza na sehemu za wanawake, na wageni wakaalikwa kutoka Nairobi. Vijitabu vilivyotangulia vimelisifu jambo hilo vya kutosha. Lililopewa nafasi ndogo ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1950, katika jukwaa hilo hilo, wanafunzi wa Alliance walikuwa wakiandika na kuigiza tamthilia za Kiswahili.

Henry Kuria aliandika *Nakupenda Lakini* akiwa mwanafunzi hapa. Wakamfuata Kimani Nyoike na *Maisha ni Nini*, B. M. Kurutu na *Atakiwa na Polisi*, na Gerishon Ngugi na *Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi*. Zilichapishwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na anayeandika historia ya tamthilia ya Kiswahili hawezi kuziruka, kwa kuwa zimo katika zile za kwanza kabisa kuandikwa na Waafrika na kutolewa vitabu. Zina vichekesho, mapenzi, mji unaoharibu vijana, na polisi. Wahakiki wa baadaye wamezilaumu kwa kukaa kimya juu ya vita vilivyokuwa vikipiganwa nje ya ua. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini tazama waliokuwa wakiziandika: vijana wa bara, wengi wao lugha yao ya kwanza si Kiswahili, katika shule ambayo heshima yote ilikuwa kwa Kiingereza, wakati wa amri ya kutotembea usiku. Hakuna mtihani wa Cambridge uliowataka waandike hata mstari mmoja wa hayo. Walitaka watu wa kawaida wacheke, na walijua watacheka kwa lugha gani.

Mwenzao aliyewatangulia alitoka pwani. Ronald Ngala wa Kilifi alisoma Alliance kabla ya Makerere, akawa mwalimu, na mwaka 1949 kitabu chake *Nchi na Desturi za Wagiriama* kilichapishwa kwa Kiswahili. Kabla hajajulikana kwa siasa alikuwa mwandishi. Tunapotaja mchango wa shule hii tuanze kuhesabu na rafu hiyo ya vitabu, maana mawaziri wana wa kuwahesabia.

Mwaka 1948 shule ya wasichana ilifunguliwa jirani kwa jina la African Girls' High School, nayo ndiyo Alliance Girls ya leo. Ilikuja miaka 22 baada ya ya wavulana, na pengo hilo halina maelezo ya kujivunia. Ujirani wa shule hizo mbili umezaa ndoa nyingi, na utani usiokwisha kati ya wa Bush, yaani wavulana, na wa Across, yaani wasichana.

Francis alistaafu mwaka 1962. Hakurudi Uingereza. Alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, Nairobi, mtaa wa watu wa hali ya chini, akiwa mwalimu wa kawaida bila ofisi ya ukuu. Alifariki Julai 1966 akiwa bado mwalimu, na miongoni mwa waliobeba jeneza lake walikuwamo mawaziri wa serikali huru aliowahi kuwafundisha.

Uhuru na baada yake: 1963–1989

Mwaka 1960 vilianzishwa vyama viwili vya kuipeleka Kenya uhuruni. Cha kwanza, KANU, kiliongozwa na James Gichuru wakati Kenyatta akiwa kizuizini, na makamu wake alikuwa Oginga Odinga. Cha pili, KADU, kiliongozwa na Ronald Ngala. Wote watatu walikuwa wa Alliance. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu, KADU ilitaka majimbo, na katika mikutano ya katiba ya London walikabiliana kwa Kiingereza kilichofunzwa na walimu wa shule moja.

Baada ya tarehe 12 Desemba 1963 orodha ilirefuka. Gichuru alishika hazina. Odinga alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mwaka uliofuata Makamu wa Rais. Mbiyu Koinange na Njoroge Mungai waliingia barazani, na Charles Njonjo akawa Mwanasheria Mkuu. Ngala alikuwa kiongozi wa upinzani hadi KADU ilipovunjwa mwaka 1964. Mwaka 1966 mambo yakageuka. Odinga alijitoa serikalini na kuunda chama cha KPU, Ngala akaingia katika baraza la mawaziri, na mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini na serikali iliyojaa wenzake wa bweni. Tunaandika haya katika kijitabu cha sherehe kwa sababu ni kweli, na kwa sababu picha ya jalada ilipigwa baada ya bendera ile kupanda, katika enzi ambayo watu waliokaa karibu hivyo siku ya mkutano waliweza Jumatatu kutosalimiana.

Si wote waliokwenda kwenye siasa. John Mbiti, ambaye kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kimesomwa vyuoni duniani kote, alipitia hapa. Mwanahistoria Benjamin Kipkorir alirudi kuichunguza shule yake kwa jicho la mtafiti, na tasnifu yake ya Cambridge ya 1969 inaeleza jinsi shule moja ilivyolea tabaka zima la watawala. Ni tasnifu yenye maswali magumu, na wenye kumbukumbu tamu tu watafanya vizuri kuisoma.

Ndani ya ua, Laurence Campbell aliongoza kuanzia 1963 hadi 1970. Vidato vya tano na sita vilikuwa vimeanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vijana waliotaka chuo kikuu hawakulazimika tena kuvuka mpaka kwa hatua hiyo. Walimu wa Kiafrika waliongezeka mpaka wakawa wengi, na ukuu wa shule ukapita mikononi mwa Wakenya. Misheni zilibaki wadhamini. Iliyotia saini mishahara ilikuwa serikali.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, usio na kidato cha tano wala cha sita, ulianza Januari 1985. Mwaka 1989 kidato cha sita kilifanya mtihani wa mwisho, na mwaka huo huo mtihani wa mfumo mpya, KCSE, ukafanywa kwa mara ya kwanza. Shule ilipoteza kundi lake la vijana wakubwa, waliokuwa wakiendesha vyama, maktaba na jukwaa. Walimu waliofundisha pande zote mbili za mabadiliko hayo husema pengo lao lilionekana zaidi katika maigizo kuliko katika matokeo.

Wasioonekana pichani

Ukingoni mwa picha, upande wa kushoto, kuna mwanamume aliyevaa aproni. Kamera imemkata nusu. Hakuitwa kupigwa picha, alikuwa akipita.

Wapishi, watunza bustani, walinzi, makarani wa uhasibu, wauguzi wa zahanati na mafundi wa maji hawana safu katika picha yoyote ya mkutano, ingawa wengine wamefanya kazi hapa muda mrefu kuliko mwalimu mkuu yeyote. Kuamka saa kumi usiku ili uji uwe tayari kabla ya gwaride ni utumishi, na wito wa shule haukusema utumishi wa aina gani. Vivyo hivyo wazazi waliouza mbuzi na mahindi ili kulipa karo, na akina mama ambao karo hiyo ilitoka katika shamba lao bila majina yao kuandikwa kwenye risiti. Kamati imeamua kwamba orodha ya wafanyakazi wasio walimu itachapishwa mwishoni mwa kijitabu kwa herufi za ukubwa ule ule wa orodha ya walimu wakuu.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1898 | Misheni ya Kiskoti yahamia Kikuyu kutoka Kibwezi |
| 1913 | Mkutano wa misheni za Kiprotestanti Kikuyu. Pingamizi la Askofu wa Zanzibar |
| 1918 | Muungano wa misheni waundwa |
| 1924 | Tume ya Phelps-Stokes yapita Afrika Mashariki |
| 1926 | Shule yafunguliwa, 1 Machi, G. A. Grieve mwalimu mkuu |
| 1940 | E. Carey Francis achukua uongozi |
| 1944 | Eliud Mathu aingia Baraza la Kutunga Sheria |
| 1948 | Shule ya wasichana yafunguliwa jirani |
| 1952 | Hali ya hatari yatangazwa |
| Miaka ya 1950 | Tamthilia za Kiswahili za wanafunzi zaigizwa na kuanza kuchapishwa |
| 1962 | Carey Francis astaafu |
| 1963 | Uhuru wa Kenya. Laurence Campbell mwalimu mkuu hadi 1970 |
| 1985 | Mfumo wa 8-4-4 waanza |
| 1989 | Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita. KCSE ya kwanza |
| 2026 | Miaka 100 |

Miaka ya karibuni

Alliance leo ni shule ya kitaifa, yenye wanafunzi kutoka kila kona ya nchi. Matokeo ya mitihani hayahitaji kurudiwa hapa. Magazeti huyachapa kila mwaka, na shule ambayo historia yake ni orodha ya wastani wa alama haina historia. Mwaka 2025 Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani, tarehe 28 Mei, na pamoja naye likapungua kundi la wale walioiona shule hii wakati wa hali ya hatari.

Mwaka huu wa 2026 umeleta badiliko kubwa kuliko yote tangu 1985. Chini ya mtaala mpya, shule za upili hazipokei tena kidato cha kwanza. Wanaoingia sasa ni vijana wa Gredi ya 10, waliomaliza sekondari ya chini kwingine, na wanawakuta kidato cha tatu na cha nne wa mfumo unaoondoka. KCSE ya mwisho imepangwa kuwa ya 2027. Kuanzia mwaka unaofuata ua huu utakuwa na madarasa ya miaka mitatu tu, ya vijana wakubwa watakaochagua mkondo wa sayansi, wa jamii au wa sanaa na michezo. Waliosoma hapa kabla ya 1989 wameanza kuuliza kama jukwaa nalo litafufuka, na mwalimu anayeshughulikia maigizo amewaomba walio na nakala za zamani za zile tamthilia nne za Kiswahili wazilete maktaba.